Mishumaa Miwili Juu ya Televisheni

Vijana wa ufundi, mmeniomba niwaambie zile rimoti za kupunga zilikuwaje zilipoingia huku kwetu mara ya kwanza. Mliniuliza mkicheka, maana kwenu ni vichekesho: watu wazima wamesimama mbele ya televisheni wakirusha mikono kama wanaofukuza nyuki. Haya, nitawaambia. Lakini msitarajie nicheke nanyi mpaka mwisho, kwa sababu kila nikizikumbuka rimoti hizo namkumbuka Kinoti, na nikimkumbuka Kinoti hasira yangu inaamka upya.

Kinoti ndiye aliyenifundisha kazi. Duka lake lilikuwa Muthara, na mimi, Njeru, kijana wa Kanja, nilipelekwa kwake na mjomba aliyekuwa akinunua ng'ombe kule. Nilikaa nyumbani kwake, nikala chakula cha mkewe, nikajua Kimeru cha kutukanwa kabla ya kile cha kusalimiana. Mtu mkali huyo! Ukinyoosha kidole ndani ya televisheni iliyotoka kuzimwa sasa hivi, alikuchapa kofi la mkono kabla umeme uliobaki ndani haujakuchapa.

"Kofi langu utapona," alikuwa akiniambia. "La hiyo, sijui."

Alinifundisha pia kwamba televisheni haidanganyi, mwenye televisheni ndiye hudanganya. Mama atakuja aape kwamba ilizima yenyewe, hakuna aliyeigusa. Unafungua, unakuta uji umekauka juu ya waya. Usibishane naye, Kinoti alisema, tengeneza kisha umwambie aiweke mbali na watoto. Mtajionea wenyewe. Siku hizi mnauliza simu kila kitu, lakini simu haitawaambia mteja anaficha nini.

Basi, nilikuwa nimeshafungua duka langu Karurumo niliposikia habari. Kinoti alikuwa akikatia ng'ombe nyasi kwa ile mashine ya nyumbani, chafkata, mkono wa sweta ukanaswa, na chafkata ikala mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko. Nilipoenda kumwona hospitalini aliniuliza swali moja tu: "Njeru, waya wa kulehemu nitaushikaje?"

Alijaribu kuushika kwa meno. Kweli kabisa. Chuma cha moto mkononi, waya mdomoni, pua juu ya moshi, anakohoa na kutukana. Kazi ilitoka safi, tena safi kuliko yangu, lakini wateja hawakuweza kumtazama. Walimhurumia, na huruma ndiyo iliyomfilisi. Kila mmoja alikuja kuchukua redio yake kwa upole, "mzee, wewe pumzika tu," wakazipeleka kwa mafundi ambao hawakujua hata kushika bisibisi. Mkewe alikuwa ameshatangulia, watoto wako mbali. Nilienda kumchukua. Nilimwambia nina chumba cha gemu pale nyuma ya duka, kinahitaji mtu mzima wa kukiangalia.

"Mkono mmoja haulei mwana," akanijibu, "sasa utalea gemu?"

Lakini alikuja.

Niwaeleze chumba chenyewe. Benchi mbili, televisheni mbili kubwa za kisogo kirefu, na mashine za gemu za padi, zile za kushika kwa mikono yote miwili na kubonyeza kwa vidole gumba. Vijana wa bodaboda walijaa pale kucheza mpira wakisubiri abiria. Kinoti alikaa mlangoni, akiamua zamu ya nani, akifukuza waliotoroka shule. Walimpenda, walimtania kwa Kiswahili chake cha Kimeru, naye aliwajibu vikali wakavunjika mbavu. Kitu kimoja tu kilinikera. Mara kwa mara kijana mgeni alimwambia, "Mzee, kuja ucheze moja," akimnyooshea padi, kisha akaona mkono wa koti umekunjwa na kufungwa pini. Hapo padi ikarudishwa haraka. Kinoti alikuwa akigeuka kutazama barabara kama ambaye hakusikia.

Ile mashine nyeupe, ya rimoti za kupunga, ilikuja kama mgonjwa. Mama mmoja kutoka kijijini kwetu alikuwa muuguzi Marekani, akawatumia wanawe zawadi. Nao waliichomeka ukutani moja kwa moja. Sikilizeni: vitu vya kule vinataka umeme kama nusu ya wetu. Kisanduku chake cha umeme kilitoa moshi kabla hata hawajaona picha, nao wakaniletea wakiapa ilikuja imeharibika. Nilitafuta kisanduku kingine cha umeme wetu, ikawaka. Kufikia hapo watoto wale walikuwa wamekwenda shule ya bweni, na mama yao akanipigia simu akasema, "Kaa nayo tu, fundi, hawa wataacha kusoma."

Rimoti yake ilikuwa nyeupe, nyembamba, haina waya. Tuliigeuza mara kumi tukitafuta sehemu ya mkono wa pili. Hapakuwa na sehemu. Ilikuwa ya mkono mmoja.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mchezo wenyewe ni wa kuviringisha mpira mzito kwenye sakafu uangushe chupa za mbao zilizopangwa mbele, mchezo ambao hakuna mtu Karurumo aliyewahi kuuona kwa macho. Nilisoma maelezo, nikawatafsiria: finya kidude hiki cha chini, zungusha mkono, halafu achilia. Mugendi, kijana wa bodaboda mwenye kifua cha kubeba magunia, akawa wa kwanza. Akafinya, akazungusha mkono kama anayewarushia tumbili mawe shambani, na akaachilia. Aliachilia rimoti yote! Ilipiga kioo cha televisheni puuu, betri zikaruka hadi chini ya benchi.

"Buda, umevunja!" wenzake wakapiga kelele.

"Si fundi amesema niachilie?"

"Nilisema kidude!"

"Hukusema kidude, ulisema achilia!"

Kioo kilipona kwa kuwa televisheni za zamani zilikuwa na kioo kinene kama sufuria ya shule. Hizi zenu nyembamba zingekwisha siku hiyo hiyo. Nayo kamba ya kuvaa kwenye kifundo, ambayo imewekwa kwa ajili ya watu kama Mugendi, sote tulidhani ni ya kutundikia rimoti kwenye msumari. Achilia ni neno baya la kufundishia kazi. Wachungaji nao hulitumia wakitaka usamehe waliokukosea, na huko vilevile mimi huwa siachilii kidude.

Vijana wa padi waliidharau. "Hii ni gemu ya wamama," walisema, wakarudi kwenye mpira wao. Kinoti akainuka mlangoni. Akaivaa ile kamba, akaikaza kwa meno, akasimama mbele ya televisheni na kuutupa mkono polepole, kama mtu anayewamwagia kuku mahindi. Mpira ukaenda katikati. Chupa zote chini.

Akafanya tena. Zote chini.

"Ati nini?" Mugendi akasimama. "Mzee, hiyo ni bahati."

"Bahati ni yako, umekaa karibu na mlango," Kinoti akamwambia. "Kuja nikuchape."

Akamchapa. Akawachapa wote. Zile wiki zilizofuata sijui niwaelezeeje. Mtu aliyekuwa akiketi mlangoni sasa alisimama katikati ya chumba, na vijana wenye mikono miwili wakipanga foleni kumwomba awafundishe. Alikuwa akiwashika kifundo na kukitikisa: legeza hapa, usitumie bega, hii si jembe. Walimwita Kocha. Kijana mgeni akiingia na kuona mkono wa koti uliofungwa pini, wenyeji walimwambia, "Usimwonee huruma huyo, atakuaibisha." Nilimsikia akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Muthara. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga, na sioni haya kuwaambia.

Sasa hapa ndipo kuna ufundi, na ndipo kuna uchungu.

Mashine ile ilikuja na kijiti cheusi chenye waya, cha kuweka juu ya televisheni. Bila kijiti hicho, ukinyoosha rimoti kwenye skrini hauonekani ule mchoro wa mkono mweupe wa kuchagulia mchezo, kwa hivyo huwezi hata kuanza. Panya wakaukata waya wake, wakakitafuna na kijiti chenyewe. Nilitaka kufunga mashine kabatini, maana kipuri chake hakikuwepo Embu wala Meru. Kinoti akaniambia ningoje. Sisi mafundi tulijua siku nyingi kwamba ukitazama rimoti ya televisheni kupitia kamera ya simu, unaona taa ikimulika pale mbele ambayo macho matupu hayaoni. Yeye alikuwa ameshakitazama kile kijiti hivyo hivyo kilipokuwa kizima.

"Hiki hakitumi habari yoyote," akasema. "Ni taa mbili tu, moja huku, moja huku. Rimoti ndiyo inazitafuta ijue iko wapi. Na moto wowote una mwanga wa aina hiyo. Niletee mishumaa."

Nilimwona amechanganyikiwa. Lakini aliisimamisha mishumaa miwili kwenye vifuniko vya mikebe, mmoja kila upande juu ya televisheni, akaiwasha, akanyoosha rimoti. Mkono ukatokea kwenye skrini. Nilimkumbatia yule Mmeru, naye akanisukuma akisema nitaangusha mshumaa.

Ila jua la mchana lilikuwa likiingia mlangoni na kuvuruga. Mkono wa skrini ulitetemeka, ukaruka pembeni, kwa kuwa jua nalo lina mwanga ule ule na rimoti haikujua ifuate upi. Kwa hiyo tukatundika blanketi mlangoni. Chumba kikawa na giza, mishumaa miwili ikiwaka, na katikati mzee mwenye mkono mmoja akiupunga mbele ya kioo, vijana nyuma yake wakishangilia kila anapopunga. Mkiniuliza mimi, yalikuwa mambo ya kawaida ya kazi. Hatukufikiria mtu wa nje angeona nini.

Mtu wa nje alikuwa Mama Ruguru, mamake Mugendi, mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu. Alikuja alasiri moja kumtafuta mwanawe amletee gunia la nyanya. Aliinua pembe ya blanketi, akachungulia. Hakuingia wala hakuita. Aliliachia blanketi lirudi, akaondoka mbio, na nyanya hakuzikumbuka tena.

Jumapili iliyofuata nilikaa kanisani watu wakijisogeza mbali nami. Kufikia siku ya soko hadithi ilikuwa imekomaa. Kwamba nyuma ya duka la Njeru kuna madhabahu. Kwamba shetani anaitwa kwa mishumaa, anatokea ndani ya televisheni, na mkono wake mweupe unaonekana kwenye kioo. Na kwamba yule mzee wa Meru hashindwi kwa sababu mkono wake wa kushoto aliutoa kafara. Niliposikia hilo la mkono niliingia hotelini kuwabishia waliolisema. Niliwaambia, mimi nilikuwa hospitalini, niliiona bandeji! Mwenye hoteli akanijibu huku akipangusa meza, "Fundi, lisemwalo lipo." Sijawahi kuichukia methali kama hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kumwekea Kinoti chai kwenye kikombe cha plastiki na kukitupa baadaye.

Wakaja. Mzee Nyaga, kiongozi wa wazee wa kanisa, wenzake kadhaa, na chifu nyuma yao akionekana kama aliyeburutwa. Kinoti aliwakaribisha vizuri. Aliwawashia mashine, akawaonyesha kijiti kilichotafunwa na panya, akaanza kuwafundisha kama alivyonifundisha mimi.

"Wazee, hakuna uchawi hapa. Hii rimoti inatafuta mwanga. Lakini si huu mwanga mnaouona. Kuna mwingine ndani ya moto, macho ya binadamu hayauoni."

Mzee Nyaga akawageukia wenzake. "Mmesikia? Amekubali mwenyewe. Mwanga usioonekana."

"Mzee, chukua simu yako nikuonyeshe."

"Simu yangu usiiguse!"

"Na huo mkono?" mwingine akauliza. "Huo mkono ulienda wapi?"

Kinoti aliiweka rimoti juu ya benchi. "Chafkata," akasema.

"Hivyo ndivyo wote husema."

Niliwageukia vijana. Walikuwa wamejaa ukutani wote, wale waliofundishwa kulegeza kifundo, wale waliokuwa wakimwita Kocha. Nikamwambia Mugendi, "Si useme! Si wewe umecheza hapa kila siku?" Mugendi alitazama viatu vyake. Mamake alikuwa amesimama nje. Waliokuwa wakiniapia kwamba mzee huyu ni kama baba yao walipita chini ya blanketi mmoja mmoja, wakawasha pikipiki, wakaenda. Ninyi mliozaliwa juzi mnapenda kuniambia watu wa kale walikuwa wajinga. Wazee wale walikuwa waoga, hilo nalijua. Vijana wale hawakuwa na hofu ya shetani wala ujinga. Walijua ukweli, wakaogopa tu kukosa abiria.

Chifu alizungumza kwa upole, na upole wa mtu kama huyo ni mbaya kuliko matusi. "Mimi sijasema ni kweli. Lakini watu wana wasiwasi, fundi. Fungeni kwanza, na mzee arudi kwao kwanza, mambo yapoe."

Nilipiga kelele. Niliwaita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa, mengine ya Kimeru. Kinoti ndiye aliyenituliza. Asubuhi yake alikunja nguo, akanikatalia nisimsindikize hadi kwao.

"Kitu kikikataa kutengenezeka unamrudishia mwenyewe," akaniambia. "Nilikufundisha."

Duka niliendelea nalo hadi nilipostaafu. Chumba cha gemu nilikifungua tena baadaye, padi tupu, na vijana walirudi wakaketi kwenye benchi zile zile. Mugendi alirudi pia. Sikumfukuza, lakini sikuwahi kumwita kwa jina tena. Na kanisani mimi hukaa benchi la nyuma.

Miaka ikapita. Mzee Nyaga akanipigia simu niende kwake nikamwangalilie mashine ya wajukuu, mwanawe aliwaletea kutoka Nairobi na imegoma. Nilienda, fundi ni fundi. Nilikuta mashine nyeusi yenye kijicho cha kamera, haina rimoti kabisa. Unasimama mbele yake mikono mitupu na unapunga. Kosa lilikuwa dogo, jua la dirishani lilikuwa likipiga kwenye kamera. Nilifunga pazia, sebule ikawa giza, na wajukuu wakaanza kuruka na kupunga mikono mbele ya televisheni, naye Mzee Nyaga kwenye kiti chake akiwapigia makofi.

"Mzee," nikamwambia, "unakumbuka Kinoti?"

Alicheka! Alicheka kwa moyo mweupe, akanigonga goti. "Aki tulikuwa gizani siku hizo, fundi. Hatukuwa tunajua vitu."

"Utasimama kanisani useme hivyo?"

Kicheko kikaisha. "Hayo ni ya zamani, Njeru. Ukichokora kidonda unataka nini?"

Nilifunga mkoba nikatoka, chai yake sikuimaliza. Wiki hiyo hiyo nilienda Muthara. Nilimkuta Kinoti mlangoni pa kinu cha kusaga mahindi, kofia imejaa unga, akipanga magunia ya watu kwa zamu na kuwakaripia waliotaka kupita wenzao. Alikuwa amezeeka sana. Nilimwambia habari yote, kwamba wajukuu wa Nyaga sasa wanapunga, kwamba mzee mwenyewe amekiri walikuwa gizani. Nikamwomba arudi Karurumo, nyumba ipo, na mimi nimezeeka, tutakaa tu.

"Amekiri mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

Alitikisa kichwa. Msichana mdogo alikuwa amefika na debe lake, akasimama akiukodolea macho mkono wa koti uliofungwa pini, jinsi watoto wanavyofanya. Kinoti akamwinamia, akauinua mkono ule karibu na uso wake.

"Ni nini kilikula huu?" akamuuliza kwa Kimeru.

"Chafkata," mtoto akasema, bila hata kufikiri, akasogeza debe lake mbele.

Kinoti akanitazama. "Hapa hata huyu anajua," akaniambia. "Nenda nyumbani, Njeru."